Kujifunza Linux kwa mikono: anzia kwenye ruhusa za mafaili

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba kwa miezi miwili umekariri amri karibu hamsini za Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta, lakini ukikaa mbele ya terminali (dirisha la kuandikia amri) hujui uanzie wapi, na kila unapopata kosa unanakili suluhisho la kwanza unalokutana nalo. Nami nilipita njia hiyo hiyo, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Amri unazozijua zinatosha kabisa. Unahitaji mashine ambayo una uhuru wa kuiharibu, pamoja na jambo moja la kulishughulikia mpaka ulielewe hadi ndani, na kwa maoni yangu jambo hilo ni umiliki na ruhusa za mafaili.

Mwaka 2016 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ndogo, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kutunza seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, iliyotumia Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Siku moja programu ya ofisi iliyokuwa ikiendeshwa na Apache (programu inayohudumia kurasa za wavuti) ilishindwa kusoma faili lake la mipangilio ndani ya `/etc`, na kumbukumbu za makosa zikaonyesha maneno "Permission denied", yaani ruhusa imekataliwa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba dawa ya maneno hayo ni 777, nami nikaandika `sudo chmod -R 777 /etc`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi (sudo) nikabadili ruhusa (chmod) za kila kilichomo ndani ya `/etc` ili kila mtu aweze kufanya lolote; hesabu ya nambari hizi nitaieleza chini. Programu ikafanya kazi papo hapo. Nilipotaka kutumia sudo tena, ikakataa kwa kuwa faili la `/etc/sudoers` lilikuwa linaweza kuandikwa na kila mtu, na kwa vile Ubuntu huja ikiwa imefunga nywila ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo), sikuwa na mlango mwingine wa kuingilia kama msimamizi. Usiku ule umeme ulikatika. Asubuhi seva ilipowaka, huduma ya SSH, ile ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, nayo iligoma kuanza, kwa sababu haikubali kutumia funguo zake za siri zikiwa zinasomeka na kila mtu.

Siku nzima iliyofuata niliitumia kurekebisha nilichokiharibu kwa amri moja. Niliwasha seva kwa flashi yenye Ubuntu, nikaifungua diski yake kutoka huko, nikarudisha saraka (folda) zote za `/etc` kwenye 755 na mafaili kwenye 644, halafu nikayafunga moja moja yale yanayotakiwa kufichwa: sudoers 440, shadow 640, funguo za siri za SSH 600. Mengine niliyatambua kwa kulinganisha matokeo ya `ls -l`, amri inayoorodhesha mafaili pamoja na ruhusa zake, na yale ya kompyuta nyingine iliyokuwa salama, mstari kwa mstari. Kwa kuwa `/etc/shadow`, ambalo huhifadhi nywila za watumiaji zikiwa zimefumbwa, lilikuwa limekaa wazi usiku kucha, watu wote wa ofisi walilazimika kubadili nywila zao. Na tatizo la awali lilihitaji kugusa faili moja tu. Faili lile lilikuwa mali ya root lenye ruhusa 600, ilhali kwenye Ubuntu Apache huhudumia maombi kwa jina la mtumiaji www-data. Kulikabidhi kwa kundi la www-data na kuliwekea 640 kungemaliza kazi.

Usisubiri seva ya watu ikufundishe hayo. Kwa kompyuta yako mpakato yenye gigabaiti 4 za RAM, sakinisha VirtualBox, kisha utengeneze mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako) yenye gigabaiti 1 ya RAM na diski ya gigabaiti 20, uiwekee Debian, aina nyingine ya Linux, isiyo na madirisha, yaani ya maandishi tu. Faili dogo la usakinishaji wa Debian halifiki gigabaiti moja, ingawa wakati wa kusakinisha utapakua vipande vingine, kwa hiyo jipange na kifurushi. Ikishawaka, hifadhi hali yake kwa kipengele cha VirtualBox cha kurejesha mashine ilipokuwa (snapshot), na kuanzia hapo usiogope chochote.

Ndani ya mashine hiyo ongeza watumiaji wawili kwa `adduser`, tuseme amina na baraka. Ingia kama amina, andika faili nyumbani kwake, kisha ingia kama baraka ujaribu kulisoma. Utakataliwa. Hapo usikimbilie suluhisho; tazama `ls -ld /home/amina` ujiulize ni herufi ipi iliyokuzuia. Herufi ya kwanza inaeleza aina ya kitu, na tisa zinazofuata ni mafungu matatu ya ruhusa: za mmiliki, za kundi, na za wengine wote. Kusoma (r) huhesabiwa 4, kuandika (w) 2, kutekeleza (x) 1, na ndiyo maana 640 inamaanisha kwamba mmiliki anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, na wengine hawapati kitu.

Kinachowachanganya wengi, nami kilinichanganya kwa muda mrefu, ni maana ya herufi hizo kwenye saraka. Kwenye saraka, r hukuruhusu kuona orodha ya majina, x hukuruhusu kupita kufikia vilivyomo, na w, ikiandamana na x, hukuruhusu kuongeza na kuondoa majina. Thibitisha mwenyewe. Kama root, tengeneza `/srv/pamoja` yenye ruhusa 777, weka ndani yake faili la root lenye ruhusa 600, kisha kama baraka jaribu kulisoma: utakataliwa. Sasa jaribu kulifuta kwa `rm`. Utaulizwa kama una hakika, utajibu ndiyo, na faili litatoweka, kwa sababu kufuta ni kubadilisha saraka wala si faili lenyewe. Rudia jaribio baada ya `chmod +t /srv/pamoja`, na safari hii baraka atazuiwa, maana alama hiyo huwaachia ufutaji mwenye faili, mwenye saraka na root peke yao. Kisha tazama `ls -ld /tmp`, utaikuta alama hiyo hiyo. Jaribio hili la dakika kumi lilinifungulia mambo ambayo kusoma tu hakukunifungulia.

Utaratibu huu una asili yake. Unix, iliyoanzishwa Bell Labs mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao, ilikua katika mazingira ambamo watu wengi walishiriki mashine moja, kwa hiyo ilibidi mfumo ujue kipi ni cha nani. Linus Torvalds alipoanza kuandika kiini cha Linux mjini Helsinki mwaka 1991, aliufuata utaratibu huo. Nasi tunauhitaji hata kwenye kompyuta ya mtu mmoja, kwa kuwa siku hizi "watumiaji" wengi ni huduma kama ile www-data.

Katika mazoezi yote hayo, tumia `man chmod` na wenzake kabla ya kutafuta mtandaoni. Kurasa hizo za maelekezo ziko ndani ya mashine yako, hazihitaji bando, na zinaendana na toleo ulilo nalo. Mwanzoni ni ngumu kusomeka. Soma aya moja, ijaribu, kisha urudi kwenye inayofuata.

Ukiona baraka na amina hawakusumbui tena, fanya kosa langu kwa makusudi: toa `chmod -R 777 /etc` ndani ya mashine pepe, izime, iwashe, kisha ujaribu kuiponya bila kurudisha ile hali uliyohifadhi. Ukikwama popote, niletee ujumbe wa kosa kama ulivyo, matokeo ya `id` ya mtumiaji uliyekuwa unatumia, na matokeo ya `namei -l` ikifuatwa na njia kamili ya faili, kwa kuwa amri hiyo huonyesha ruhusa za kila saraka njiani na mara nyingi kizuizi huwa saraka moja ya juu ambayo hukuifikiria.