Maswali yenu kuhusu mabaharia wa risasi

Maswali yamekuwa mengi tangu niseme mabaharia wangu wa zamani, vile vinyago vya madini ya risasi, huwa nawachezea vita vya mezani (mchezo wa kupiganisha wanajeshi wa kuchezea kwa sheria) badala ya kuwafungia kabatini, kwa hiyo leo najibu machache.

Nimenunua boksi la mabaharia mchanganyiko, wengine majitu wengine wadogo. Naweza kuwapanga pamoja?

Pima kwanza, kuanzia unyayo mpaka utosini, kitako usikihesabu. Kampuni ya W. Britain ya London ilianza kutengeneza wanajeshi wa risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893, na kimo chao cha milimita 54 ndo kikaja kuwa kipimo ambacho wengi tunakifuata mpaka leo. Wale wa Marekani wa kampuni za Barclay na Manoil wanafika kama sentimita 8, ukimsimamisha mmoja pembeni ya Mwingereza anaonekana kama baba na mtoto. Mi nawatenga, kila kundi na meza yake.

Vita vyangu ni vya nchi kavu. Mabaharia wataingiaje?

Hapa ndo penyewe! Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linashusha mabaharia na mizinga kwenda kupigana bara, na mfano mzuri ni Ladysmith, Afrika Kusini, mwaka 1899, mabaharia wa meli HMS Powerful walifika na mizinga mikubwa yenye mdomo wa inchi 4.7, aina ya mizinga ya meli kabisa, ikafungwa kwenye vitako vya mbao vilivyobuniwa na Kapteni Percy Scott wa meli HMS Terrible. Kwa hiyo ukiweka mabaharia kumi na mzinga mmoja juu ya kilima hujabuni kitu, ilitokea. Na kampuni ya Britain walitengeneza mzinga wa kuchezea wa 4.7 wenye springi, unarusha kipande kidogo cha mti, ndo aina ya mzinga mwandishi Mwingereza H.G. Wells aliyoisifia alipochapisha sheria zake za mchezo huu wa vita mwaka 1913. Siku hizi wengi wanarusha dadu tu na inakubalika, ila kwa mabaharia wa zamani mi nasema usiwalenge na springi, shingo zao hazihimili.

Baharia wangu kaota unga mweupe miguuni. Ni vumbi?

Hapana ndugu yangu, hiyo risasi inaliwa. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa mwaloni, na kwenye makaratasi na maboksi ya bei rahisi, unaigeuza risasi kuwa unga, na ukishaanza hauachi wenyewe. Mtoe leo hii umtenge na wenzake. Usipulize na usimsugue na msasa, ule unga ni sumu, vaa glavu, mfute taratibu na kitambaa chenye unyevu, mwache akauke kabisa halafu mhamishie kwenye kabati la chuma au kioo lenye hewa. Nilishampoteza mmoja mwenye kofia pana ya majani, alikuwa kwenye droo ya mbao miaka mingi, nilipomshika kifundo cha mguu kikabaki kwenye kidole changu kama chaki iliyolowa. Iliniuma sana na bado inaniuma, kwa hiyo kagueni maboksi yenu kila baada ya miezi michache.

Rangi imebanduka, nimpake upya?

Kama rangi ni ya kiwandani, hata ibaki nusu, muache alivyo. Ile bluu iliyochakaa mabegani ni vidole vya watoto wa miaka mia iliyopita, ukiipaka juu umeifuta na hairudi tena. Kwa ajili ya kucheza tafuta waliovunjika au waliokwisha kupakwa na wengine, wanauzwa rahisi na hao unaweza kuwapaka kwa moyo mweupe.

Kichwa kimekatika, ndo basi tena?

Wala. Kwa kuwa ndani ni uwazi, kata njiti ya kiberiti, ichomeke shingoni, nusu mwilini nusu kichwani, gundi kidogo, geuza uso uangalie unakotaka. Nina baharia anachungulia begani kwa mwenzake kwa sababu ya njiti hiyo, na yeye ndo namuweka kwenye mzinga kila mara.

Watoto wangu wachezee?

Wadogo wanaotia vitu mdomoni, hapana kabisa. Wakubwa sawa, ila wanawe mikono wakimaliza na wasilie chakula kwenye meza hiyo. Kwa wadogo tafuta wa plastiki, kampuni ya Britain wenyewe waliacha kutumia risasi mwaka 1966.