Haijaelezwa si haielezeki

Swali: Niliandika kwamba "mvutano wa dunia ni nguvu isiyoelezeka, sawa na nguvu ya kusoma mawazo ya mtu aliye mbali." Mhariri ameikataa sentensi hii. Je, ina kosa la lugha?

Jibu: Sarufi yake haina kasoro. Kilichomkwaza mhariri, nadhani, ni kauli ya kutendeka iliyomo katika "isiyoelezeka". Tunaposema barabara haipitiki, hatuna maana kwamba leo hakuna aliyepita, bali kwamba kupita hapo hakuwezekani. Vivyo hivyo, kisichoelezeka hakina namna ya kuelezwa, ilhali kinachosubiri maelezo husemwa kuwa hakijaelezwa, na hiyo "-ja-" ndiyo inayoacha mlango wazi. Newton alipochapisha kanuni ya mvutano mwaka 1687, aliweza kukokotoa mwendo wa sayari bila kusema mvutano wenyewe unatokana na nini. Ungeandika wakati huo kwamba chanzo chake hakijaelezwa, ungekuwa sahihi, hadi Einstein alipoueleza mwaka 1915 kwa kupinda kwa nafasi na wakati. Hata kabla ya hapo, jiwe lilianguka kila lilipoachiliwa, tena mwendo wake ulipimika.

Kusoma mawazo kunadai kitenzi kingine kabisa: hakujathibitishwa. Katika miaka ya 1930, J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwataka watu wabashiri karata 25 zenye alama za aina tano, ambazo mwenye kubahatisha tu hupatia tano kwa wastani. Aliripoti matokeo ya juu zaidi, lakini wengine walipoyarudia majaribio hayo kwa udhibiti mkali, hawakuyapata. Hapo kinachokosekana si maelezo, bali jambo lenyewe la kuelezwa.

Neno "nguvu" nalo limekuponza, kwa kuwa linabeba misuli, mamlaka, umeme na uchawi kwa pamoja. (Anayetafsiri habari za nishati ya giza, ile inayohusishwa na kuongezeka kwa kasi ya kupanuka kwa ulimwengu, akiiita "nguvu za giza", atawafanya wasomaji wafikirie wachawi.) Wanafizikia wana neno "kani" kwa nguvu ya kuvuta au kusukuma, nami ningelitumia hapa: "Chanzo cha kani ya mvutano kilikaa muda mrefu bila kuelezwa, ingawa athari zake zilipimwa; lakini uwezo wa kusoma mawazo haujathibitishwa kuwapo."