Buruburu si mtaa wa mkoloni

Unasema Buruburu, mtaa wa Nairobi, ulijengwa na mkoloni? Hapana, mkoloni alikuwa ameshaondoka. Nadhani unachanganya na Kaloleni, mtaa mwingine wa Nairobi, ambao ni wa miaka ya 1940. Buru ilijengwa kuanzia miaka ya 1970, feizi (awamu) tano moja baada ya nyingine, na sehemu ya pesa ilitoka CDC, shirika la Uingereza la kufadhili maendeleo. Pengine hapo ndipo Mwingereza alipoingizwa kwenye hadithi. Nyumba ziliuzwa kwa mkopo wa muda mrefu kwa watu wa mshahara: asubuhi kwenda kazini mjini, jioni kurudi. Kwetu ni feizi 3, na mzee alilipa mkopo huo miaka na miaka. Ila leo ukipita Mumias South Road, bustani nyingi za mbele zimegeuka maduka. Vigae vyekundu vya paa utaviona ukiinua macho.