Hesabu somiti, usihesabu saa

Kazi yetu ni kutazama kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai, na kusoma umri wake. Mayai ya kisasa ya dukani hayafai kazi hii, kwani kuku wale hawana jogoo. Tafuta ya kienyeji yaliyotagwa ndani ya wiki moja. Lilaze yai ubavu kwenye inkubeta ya nyuzi 37.5 hadi 38, uweke alama ya penseli upande wa juu: kiinitete kitaelea hapo.

Baada ya saa 36 toboa upande butu, vuta kwa sindano mililita 2 au 3 za ute ili kiinitete kishuke, ndipo ukate dirisha kwa mkasi. Ukiruka hatua ya sindano, mkasi utakichana. Kikiwa hakionekani vizuri, penyeza chini yake tone la wino mweusi uliozimuliwa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu (gramu 7.2 kwa lita).

Katikati kuna neli ya neva, itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo, na chini yake notokodi, ufito laini unaopita katikati ya mwili. Kandokando yake ndipo mesodemu, tabaka la kati la seli za kiinitete, ilipojikata vipande vidogo kama matofali: somiti. Zipo takriban jozi 10, na jozi mpya huongezeka upande wa mkia kila dakika 90 hivi. Ndiyo maana umri husomwa kwa somiti. Yai lililoingia la baridi huchelewa kupata joto, saa zikakudanganya.

Nje ya somiti kuna ukanda mwembamba wa figo na tezi za uzazi. Nje zaidi, bamba la ubavuni la mesodemu limechanika tabaka mbili: la ndani hutoa moyo, ambao sasa ndio unaanza kupiga, na misuli ya utumbo, la nje hutoa mifupa ya mabawa na miguu. Wanafunzi wengi hukosea hapa, maana misuli ya bawa hilohilo hutoka kwenye somiti.

Ndani ya somiti, protini kutoka notokodi huzifanya seli za chini kulegea na kuizunguka notokodi, zikawa pingili na mbavu. Za juu hutoa misuli na ngozi ya ndani ya mgongo. Lakini somiti moja haitoi pingili moja: nusu ya nyuma ya somiti huungana na nusu ya mbele ya inayofuata. Msuli haukatwi hivyo, kwa hiyo huvuka kiungo na kushika pingili mbili. Ungeanzia na kuishia kwenye pingili ileile, mgongo usingepinda.