Volkswagen yako itavuta, ila nisikilize kwanza

Mwanangu,

Hujambo mama. Sisi huku Marangu tuko salama, mvua imeanza na migomba imeshika kijani. Ujumbe wako niliusoma mara tatu, ule uliouliza hivi Volkswagen yako ya 1967 inaweza kuvuta katela ka kulala, hako kenye umbo la tone la chozi, kutoka Denver, huko Marekani, upande milimani mpaka Fairplay, au utakuwa unaiua gari. Af ukanitumia picha za matela mawili, moja la kiwandani kilo 450 likiwa tupu, jingine mzee mmoja amelichonga mwenyewe kwa plaiwudi na aluminiamu, kilo 230. Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona nitasahau nusu, bora niandike.

Chukua la mzee. Lile la kilo 450 liache, hata kama lina godoro zuri na jiko lenye sinki.

Najua utaniambia mama nimelijaribu pale kwa muuzaji limevutika bila shida. Litavutika, nakubali. Hiyo gari itavuta hata tela kubwa kuliko hilo kwenye tambarare, na hapo ndipo inapokudanganya, maana ukiona imeondoka na gia zinaingia unadhani mambo yameisha, kumbe gari bado haijaulizwa swali lenyewe. Swali linaulizwa ukiwa unateremka.

Unaikumbuka Kobe, ile Volkswagen yetu? Baba yako aliinunua 1979 kwa mchungaji aliyekuwa anahama, na yeye alikuwa haambiwi kitu kuhusu Volkswagen, atakutajia Safari Rally ya 1954, ya 1957, ya 1962, zote Volkswagen ndiyo iliyoshinda, kwake hiyo ilitosha kabisa kumaliza ubishi. Basi miaka ile ya themanini spea hakuna, magari ya mizigo ya kukodi bei haishikiki, akaunga tela dogo la chuma tukawa tunapeleka ndizi Moshi soko la Mbuyuni. Nyingi nilikuwa naendesha mimi. Sasa siku moja nimechelewa, vijana wakapakia haraka haraka, mikungu mizito yote wakaitupia nyuma ya tela kwa sababu ndio karibu na mkono. Nikatoka. Mteremko wa kwenda Himo unaujua. Nimefika pale katikati spidi imepanda, tela likaanza kucheza, kushoto kulia kushoto kulia, na kila likicheza linanyanyua matako ya Kobe, stelingi imekuwa nyepesi kama ya mtoto anayechezea, na mimi kwa woga nikakanyaga breki. Ndio kosa lenyewe. Gari ikapunguza, tela halikupunguza, likatusukuma kiubavu mpaka mtaroni. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, ila ile harufu ya breki zilizoungua ninayo puani mpaka leo, na ndizi zimetapakaa barabarani watu wanaziokota.

Baba yako hakunigombeza. Kesho yake alikwenda kuazima mizani ya kupimia kahawa, akaning'iniza ule mkono wa mbele wa tela, akapakia mzigo uleule kwa namna tatu, ya nyuma, ya katikati, ya mbele, nione mwenyewe. Mzigo ukiwa nyuma mizani ilikuwa karibu haisomi kitu. Kuanzia siku hiyo sikuondoka bila kupima.

Kwa hiyo na wewe utapima. Huko chukua tu mizani ya bafuni, weka chini ya mkono wa tela likiwa limeshapakiwa kila kitu, usawa ule ule litakaokaa likiwa limefungwa. Tela lako likiwa na vyombo na matandiko litafika kama kilo 300, basi mkono uelemee kilo 30 mpaka 45, yani sehemu kumi hadi kumi na tano katika mia. Chini ya hapo litacheza kama la kwangu. Na hivi vitela vya tone vina mtego wao, jiko liko nyuma, unafungua ule mlango wa nyuma ndio unapika, sa mtu anajikuta ameweka huko boksi la barafu, madumu ya maji, mtungi wa gesi, sufuria, vyote mkiani kabisa. Pika huko nyuma lakini ukisafiri maji na barafu vikae chini karibu na ekseli, mbele yake kidogo.

Na usizidishe mbele ya tela pia mama, maana Volkswagen si kama magari mengine, injini yenyewe iko nyuma, sasa ukiongeza na uzito wa tela nyuma ya injini magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Buti lako liko mbele, litumie, spana, jeki, dumu moja la maji weka humo. Tangi la mafuta nalo liko humo mbele, usisubiri likauke. Kitu kingine, ya 1967 magurudumu ya nyuma bado yananing'inia kwa ule mtindo wa zamani, nusu ekseli inakunjika pale kwenye giaboksi tu, ukiipa uzito mwingi tairi zinalala, juu zinaingia ndani, na kwenye kona kali ghafla zinaweza kujikunja upande wa pili zikabinua gari. Walibadilisha kwa magari ya huko Marekani kuanzia ya 1969. Kwa hiyo kona ingia taratibu, punguza kabla, sio ndani ya kona. Tairi za nyuma zijazwe upepo kuliko za mbele.

Hata hivyo umechagua mwaka mzuri, sikuvunji moyo. Za 1967 zilizouzwa huko ndio za kwanza kupata umeme wa volti 12 na breki za njia mbili, upande mmoja ukivuja mwingine unabaki, Kobe wetu hakuwa na hiyo bahati. Lakini bado ni breki za dramu magurudumu yote manne, na dramu ikipata moto inalegea, unakanyaga mguu unaenda tu. Ndio maana nakwambia tela lililopakiwa lisifike nusu ya uzito wa gari, na gari yako ni kilo mia nane na kitu. La kiwandani likipakiwa limeshavuka hapo.

Kupanda sasa. Injini yako ya sisi 1500 ilitoka kiwandani na hosipawa 53, hizo ni za usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 zinapungua kama tatu katika mia, hewa ni nyepesi. Ile barabara ya 285 inapita Kenosha Pass, mita 3,048, ukifika pale una kama 37 tu, na unavuta. Zinatosha kama huna haraka. Ukiona injini inaanza kulalamika rudisha gia tatu mapema, hata mbili, iache izunguke, kwa sababu feni inayoipoza inazungushwa na injini yenyewe, ukiing'ang'aniza gia kubwa kwa mwendo wa kujikokota feni nayo inajikokota na joto linapanda. Mtu aliyezoea magari yanayopozwa kwa maji anaona kuzungusha injini ni kuitesa, kwa hii inayopozwa kwa upepo ni kinyume. Na ile ya 70 yenye lile handaki kubwa la Eisenhower usiende kabisa, pale ni kama mita 3,400 na malori yanakufuata mgongoni, utapata presha tu ya kukimbia.

Silinda namba tatu ndio mgonjwa wa hizi injini. Kipozeo cha oili kimekaa juu yake kinamzibia upepo, kwa hiyo yeye anapata joto kuliko wenzake, na ile valvu yake ya kutolea moshi ikichoka inakatika kichwa, injini imekwisha. Kabla ya safari rekebisha tapeti zote, yani ule mwanya wa valvu, injini ikiwa ya baridi, uwe 0.15 mm, ukikuta ya namba tatu inabana kila mara ujue valvu inarefuka, usisafiri. Oili badilisha, inaingia lita 2.5 tu na hiyo oili nayo inasaidia sana kuipoza. Angalia na ile raba inayozunguka injini juu, wengi huitoa wakidhani pambo, ikikosekana moto wa chini unarudi kuvutwa na feni. Mkanda wa feni beba wa akiba, ukikatika zima hapo hapo.

Kile kiungo cha kuvutia kisifungwe kwenye bampa, kishikwe kwenye chasisi, ukishindwa kuona kimeshika wapi mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole. Minyororo ya usalama miwili, ipishane chini ya mkono wa tela ili ikichomoka mkono uangukie juu yake. Taa za tela weka za LED, dainamo hiyo haina nguvu ya kugawa, na friji usiiunganishe kwenye betri ya gari.

Ukiteremka ingia gia mbili ukiwa bado juu, kabla mteremko haujakushika. Breki gusa kisha achia, gusa kisha achia, usiikalie. Likianza kucheza, na nakuomba hili ulisome mara mbili, usikanyage breki, toa mguu kwenye mafuta, shika stelingi imenyooka, ngoja litulie lenyewe. Kilomita 80 kwa saa inakutosha, wenye haraka wapite.

Uliniuliza pia kama ni kuidhalilisha gari ya zamani kuifanyisha kazi. Hapana mwanangu. Hivi vitela walianza kuvijenga huko huko Marekani miaka ya 1930, na baada ya vita watu wakawa wanajichongea nyumbani, tena vikivutwa na vigari vya hosipawa 40 kama Ford Model A. Vilifanywa vidogo hivyo makusudi, na mviringo ule upepo upite. Kobe alivuta ndizi miaka kumi na moja na alikufa kwa kutu, sio kwa tela. Gari inayokaa tu gereji unajua ilivyo, raba zinakauka, breki zinashika, kabureta inajaa uchafu. Mi nataka niione yako barabarani, baba yako angetaka zaidi yangu.

Anza na safari fupi, mzunguko wa saa moja ukiwa umepakia kila kitu, urudi upime tena. Halafu siku ya safari ukifika Kenosha usipite, egesha, weka hendibreki na jiwe nyuma ya tairi, kisha gusa habu za tela zote mbili kwa kiganja, vitairi vidogo vile vinazunguka sana na beringi zinapata moto haraka. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, grisi imeisha, usiteremke. Ukimaliza kugusa nipigie uniambie zikoje. Huku itakuwa usiku, piga tu, simu nitakuwa nayo.

Mama yako