Maswali ya Wasomaji: Hema ya Kukutania, vipimo na ishara zake

SWALI: Katika masomo ya Hema ya Kukutania, hema ya ibada ya Israeli jangwani, tunaambiwa dhahabu ni uungu wa Kristo, mti wa mshita ni ubinadamu wake, fedha ni ukombozi na shaba ni hukumu. Nimesoma Kutoka 25 hadi 40, sijaona aya inayosema hivyo. Yametoka wapi?

JIBU: Yametoka kwa wahubiri, na hayana uzito sawa. Yenye msingi imara ni fedha. Kutoka 30:11-16 inaagiza kila aliyehesabiwa, wa miaka 20 na zaidi, atoe nusu shekeli (shekeli ni kipimo cha uzito) kwa ajili ya upatanisho wa nafsi yake. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Fedha hiyo ilikwenda wapi? Fungua 38:25-28 ufanye hesabu. Wanaume 603,550 kwa nusu shekeli ni shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo unapata talanta 100 na shekeli 1,775 juu yake. Talanta 100 zilisubiwa vitako 100, yaani misingi ya kusimamishia mbao na nguzo: viwiliviwili chini ya mbao 48, ndivyo 96, na vinne chini ya nguzo za pazia la ndani. Shekeli zilizosalia zikawa kulabu na mapambo ya nguzo. Maskani, basi, ilisimama juu ya fedha ya upatanisho. Mhubiri anayetoka hapo kwenda 1 Petro 1:18-19 ana njia ya kupita, mradi asisahau kwamba Petro anatofautisha: si kwa fedha, bali kwa damu.

Shaba ni dhaifu zaidi. Madhabahu ya kuteketeza ilifunikwa shaba, na huko dhambi ilishughulikiwa kweli. Lakini hata vigingi vya ua vilikuwa vya shaba (27:19), na birika lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliotumika mlangoni (38:8). Kigingi nacho ni hukumu? Tena moto wa kila siku ulihitaji madini, si mbao tupu.

Kuhusu mshita na dhahabu kuwa asili mbili za Kristo, ni tafakari nzuri ila haina aya. Ubao uliofunikwa dhahabu hubebeka. Dhahabu tupu ya ukubwa ule isingebebeka. Kinara peke yake, kilichofuliwa kwa talanta moja ya dhahabu safi, kilikuwa na takriban kilo 34.

Jambo ambalo matini yenyewe inalionyesha ni daraja: nje shaba, ndani dhahabu. Tazama nguzo tano za mlango wa hema: zimefunikwa dhahabu, vitako vyake ni vya shaba (26:37). Ziko mpakani, na zimevaa madini ya pande zote mbili. Anayetaka ishara aanzie hapo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kambi ya Israeli, ukiitazama kutoka juu, ilikuwa na umbo la msalaba?

JIBU: Hesabu 2 inatoa idadi ya wanaume waliohesabiwa kila upande wa hema: mashariki kwa Yuda 186,400, kusini kwa Reubeni 151,450, magharibi kwa Efraimu 108,100, kaskazini kwa Dani 157,600. Ukiichora, mkono mrefu uko mashariki, mfupi magharibi, na wa kando unakaribiana. Kasoro ya mchoro ni dhana iliyofichwa ndani yake: kwamba kila kundi lilipanga hema zake katika ukanda mwembamba ulio sawa na upana wa kambi ya Walawi, kabila lililohudumia hema katikati, na pembe nne zikaachwa wazi. Upana huo haukuandikwa popote.

Dai kwamba vyombo vya hema navyo vilipangwa kama msalaba halina nguvu zaidi. Meza ilikuwa kaskazini, kinara kusini kuielekea (Kutoka 40:22-24), vingine vikiwa kati ya lango na sanduku la agano. Chumba chochote chenye meza ukuta huu na taa ukuta ule kitakupa msalaba.

Waraka kwa Waebrania, uliochambua hema kuliko kitabu kingine cha Agano Jipya, hauutafuti msalaba kwenye ramani. Unauweka nje: mizoga ya sadaka za dhambi iliteketezwa nje ya kambi, na Yesu aliteswa nje ya lango (13:11-12). Na pazia unaliita mwili wake (10:20). Kuhusu vyombo vya ndani, unavitaja kisha unasema hakuna nafasi sasa ya kuvieleza kimoja kimoja (9:5).

SWALI: Je, samawi, zambarau, nyekundu na kitani cha mapazia ya hema ni ishara za mbingu, ufalme, damu, utakatifu?

JIBU: Josephus, Myahudi wa karne ya 1, alizisoma kwingine: kitani ni ardhi, zambarau bahari, samawi hewa, nyekundu moto. Rangi hazijifasiri zenyewe. Makerubi, viumbe wa mbinguni waliofumwa kwenye mapazia, yana mengi zaidi ya kusema: hayapo kwenye pazia la lango wala la mlango, yapo kwenye pazia la ndani na mapazia ya dari. Mwanzo 3:24 inayaweka mashariki ya Edeni kulinda njia. Kuhani aliyeingia kutoka mashariki aliwakuta walinzi wale wale.

SWALI: Tunatengeneza mfano kwa watoto wa shule ya Jumapili. Nguzo za ua zinakataa kutimia 60, tunapata 56. Na kitambaa cha ndani hakifiki chini.

JIBU: Mnazihesabu nguzo za pembeni mara mbili, kwa kila upande. Tumieni sentimita 2 kwa kila dhiraa, kipimo cha urefu cha Biblia: ua ni sentimita 200 kwa 100. Anzeni pembe moja, zungukeni, mkisimamisha nguzo kila sentimita 10. Mzingo ni 600, zitatimia 60 bila kurudia pembe. Upande wa mashariki lango lichukue sentimita 40 katikati, na 30 za uzio kila kando. Uzio uwe na kimo cha 10.

Hema ni 60 kwa 20, kimo 20. Kitambaa cha kitani kina dhiraa 28 kwa upana, yaani sentimita 56, nanyi mnahitaji 60 kufunika paa na kuta mbili. Kupungua sentimita 2 kila upande ni sawa, msikirefushe. Kile cha singa za mbuzi, chenye dhiraa 30, ndicho kinachofika chini (Kutoka 26:13).

Pazia la ndani litundikwe chini ya vifungo vya dhahabu (26:33). Hivyo viko baada ya mapazia matano ya dhiraa 4, yaani sentimita 40 kutoka mlangoni. Nyuma yake kinabaki chumba cha 20 kwa 20 kwa 20, mchemraba kamili kama mji wa Ufunuo 21:16. Sanduku la 5 kwa 3 kwa 3 likae humo peke yake. Birika na kinara havikupewa vipimo. Vitengenezeni kwa kukisia, na kwenye kibao cha maelezo andikeni kwamba mmekisia.