Kabla hujapanda mlimani kufundisha bure

Juzi binti mmoja aliyemaliza stashahada ya ualimu kaniandikia: "Dada, kuna shule ya msingi huko juu Makete, mkoani Njombe, wanatafuta mwalimu wa kujitolea. Nyumbani wananiambia nitapoteza muda. Niende?" Nikaanza kumjibu mistari miwili, usiku ukaingia bado naandika. Basi naiweka hapa, maana najua mko wengi: cheti kiko kwenye bahasha, jina halijatoka, na kila ukipita mtaani unaulizwa umepangiwa wapi.

Jibu langu ni nenda. Ila nenda mkiwa mmeshakubaliana, na makubaliano yawe kwenye karatasi.

Mimi nilifundisha kijiji kimoja upande wa safu ya Livingstone, mbali na lami. Ukitaja Makete, watu wanawaza Kitulo na maua yake, ile hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005. Maua yapo, mazuri kweli, na yanachanua wakati wa mvua. Sasa mvua hiyo inaanza Novemba, inakwenda mpaka Aprili na zaidi, na ikipiga bati la darasa lisilo na dari, hakuna mwalimu atakayesikika. Unaandika ubaoni, nayo chaki imenyonya unyevu, haiandiki. Nikawa nazianika chaki usiku kando ya mafiga. Chuoni hilo halikuwamo.

Juni na Julai ni habari nyingine. Umande unaganda kwenye nyasi, madirisha hayana vioo, ukungu unaingia mpaka dawati la nyuma, na watoto wa darasa la pili wameficha mikono ndani ya sweta, penseli hawaitaki. Nikaanza kufundisha kuhesabu kwa kuruka. Mwalimu mwenzangu alinicheka. Haikupita muda naye anaruka.

Miezi ya mwanzo siisimulii. Nililia, nikapika uji, basi.

Kilichonipa kazi hasa ni darasa la kwanza. Tuliandaliwa kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kana kwamba kila mtoto anakuja shule na Kiswahili chake. Wilaya ile iliumizwa sana na UKIMWI, watoto wengi wamelelewa na mabibi. Wengine wazazi wako hai, wako Mbeya au Dar es Salaam kwenye biashara; Wakinga, wenyeji wa huko, mnawajua. Mtoto anakaa na bibi, bibi anaongea Kikinga. Nikamwomba msichana wa darasa la saba awe ananifundisha asubuhi kabla ya mstarini: kaa, simama, ngapi, nani kakupiga. Kadaftari nilikoandika maneno hayo kalinisaidia kuliko andalio lolote la somo.

Halafu viazi. Msimu wa kuvuna, lori likiingia kijijini wavulana wa darasa la sita na la saba huwaoni. Wanabeba magunia, wanalipwa hapo hapo. Usianze na fimbo. Mimi nilihamishia hisabati huko huko: gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, hili la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, limeingia madebe mangapi, mnunuzi amelipia mangapi, mkulima kapunjwa kiasi gani? Siku ile darasa lilijaa, na nje ya dirisha wakasimama wazee wawili wanasikiliza. Mmoja akaniomba nirudie hesabu ya mwisho polepole.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Hisabati ilikuwa imepanda kuliko watu wa pale walivyowahi kukumbuka. Najisifu, ndiyo. Ukaitishwa mkutano wa wazazi, walimu wakasimamishwa mmoja mmoja, vitenge na bahasha vikatolewa. Jina langu halikusomwa. Mzee mmoja akauliza, "Na yule binti wa hesabu je?" Mwendesha kikao akasema muda umekwenda, tuingie kwenye ajenda ya choo. Mpaka leo nikisikia mtu anasema ajenda ya choo, roho inanipanda.

Haikuishia hapo. Nilipohitaji barua ya kuthibitisha kwamba nilifundisha pale, uongozi wa shule ulikuwa umebadilika na aliyekuja akaniambia hanifahamu. Nikamtolea nakala ya barua yangu ya kupokelewa, ina muhuri, nikamwonyesha saini zangu kwenye kitabu cha mahudhurio cha walimu. Ndipo akapata kunifahamu.

Kwa hiyo nisikilizeni, wadogo zangu. Barua ya maombi inakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu, siyo kwa mwalimu mkuu kwa simu. Ukikubaliwa, nakala moja iwe kwa afisa elimu kata, moja kwa mtendaji wa kijiji, moja ilale kwenye begi lako. Saini mahudhurio kila siku, hata siku umechelewa. Watu wema wanahamishwa na wengine wanastaafu, ila karatasi unayo mwenyewe.

Na posho: shule za msingi za serikali hazina ada, tangu Januari 2016 michango ya kulazimisha imekatazwa, na ruzuku inayoingia shuleni ina mafungu yake. Mwalimu mkuu anayekuahidi mshahara wa kila mwezi anakuahidi pesa ambayo hana. Kitu chako kitatoka kwa wazazi waliokubali wenyewe mkutanoni, nao wana pesa viazi vikiuzwa. Omba chumba, kuni, mahindi na maharage. Pesa iwe nyongeza. Hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na uombe nakala. Nimeshasema nakala? Nasema tena.

Kuna wanaopanda wiki tatu, wanapiga picha na watoto wenye makamasi, wanashuka. Hao siwaiti walimu. Mtoto anakuzoea, anaanza kusoma herufi, wewe huyo umeondoka, anayekuja baada yako anamkuta amenuna. Kama huwezi kumaliza mwaka wa masomo, tafuta kazi nyingine ya kujitolea, zipo nyingi.

Wala usiende ukidhani ni mlango wa nyuma wa ajira. Siku hizi walimu wanapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na utakaa chumba kimoja na aliyeshinda nyumbani akisoma. Mimi nilipoulizwa ningefundishaje darasa lenye vitabu vichache, niliongea mpaka wakanikatisha. Kazi nilipata, lakini sikuahidiwa na mtu, na wewe hakuna wa kukuahidi.

Vitabu navyo uulizie mapema. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na unaingia kwa awamu, darasa hadi darasa, kwa hiyo shule inaweza kuwa na vitabu vya darasa la tatu na isiwe na vya lingine. Wakikwambia vinakuja, ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unavisoma bure, na uandike maandalizi ya muhula mzima ukiwa bado Njombe mjini. Huko juu mtandao utaupata kwenye kilima fulani, jioni, kama hakuna ukungu.